Superman wa marehemu baba: tuuze, tugawane au tuwape watoto?

SWALI

Shangazi, asalam aleikum.

Nakuandikia kutoka Kuze, Mji wa Kale, Mombasa, na naomba unijibu mapema kwa sababu nyumbani hakuna amani.

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Kila akirudi Kilindini alikuja na kitu cha kutupa, lakini alikuwa na kasha lake la bati chini ya kitanda ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa. Baada ya arubaini tukalifungua. Ndani mlikuwa na kitabu chake cha ubaharia, saa mbovu, barua za mama, na toi tatu za wale mashujaa wa Kimarekani.

Ya kwanza ni Superman. Urefu wake haufiki shibiri, na hajawahi kufunguliwa: bado yuko kwenye kadi yake, mbele amefunikwa kwa plastiki. Plastiki imegeuka manjano kidogo, pembe moja ya kadi imekunjika, na nyuma kuna madoa madogo ya kahawia. Juu kuna stika ya bei, lakini fedha yenyewe siijui ni ya nchi gani. Ya pili ni Spider-Man, mkubwa zaidi, amevaa nguo za kitambaa kabisa, na miguu yake inaning'inia. Mgongoni, chini ya nguo, nimeona neno MEGO na herufi MCMLXXIV. Ya tatu ni Batman mwepesi mwepesi, hana joho, na nimemgeuza kila upande sikuona maandishi yoyote.

Sasa shida. Kaka yetu mkubwa anasema Superman ni wake. Anasema alipokuwa mdogo baba alimwonyesha akamwambia, "Ukihitimu juzuu amma nitakupa." Alihitimu, lakini baba alikuwa safarini, na aliporudi jambo likasahaulika. Kaka ni mtu mzima mwenye watoto wake, lakini alipomwona yule Superman alilia mbele yetu, na mimi sikumwona akilia hata siku ya maziko.

Mdogo wetu wa kiume, anayeishi Bamburi, anataka ziuzwe. Ameona mtandaoni Superman kama huyo kaandikwa dola 4,000, akapiga hesabu akapata zaidi ya nusu milioni ya shilingi. Akamleta kijana mmoja kutoka Nyali anayenunua na kuuza toi za wakusanyaji. Yule kijana akazitazama kidogo, akasema atachukua zote tatu kwa shilingi 12,000, tena tumpe jibu kabla ya Ijumaa. Akataka pia kubandua plastiki ya Superman upande mmoja "ahakikishe kama ni orijino". Nikamkatalia. Mdogo wangu akakasirika, akasema namfukuzia mteja.

Mama naye hataki kusikia. Anasema hizo ni sanamu, hazifai kukaa katika nyumba anayoswalia, na kama si kupewa watoto wazichezee basi zitupwe.

Shangazi, kati ya 12,000 na nusu milioni ukweli uko wapi? Nitajuaje kama ni za kweli? Na nifanyeje tusije tukakosana kwa ajili ya toi?

Bint Baharia, Kuze

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu na awape subira nyote.

Ulifanya vyema kumzuia yule kijana asibandue plastiki, na usimruhusu mtu mwingine yeyote, awe mnunuzi, fundi au mtoto wa ndugu. Superman aliyefunguliwa na asiyefunguliwa ni vitu viwili mbalimbali sokoni. Waliofunguliwa wako wengi mno; asiyefunguliwa ndiye anayetafutwa, na ukishabandua hakuna gundi itakayorudisha hali ile. Wakusanyaji wanaijua kadi iliyobandikwa upya. Huangalia ukingo wa plastiki wakatafuta gundi iliyotoka nje ya mstari au karatasi iliyochanika chini yake, na wengine humulika kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, gundi ngeni ikang'aa. Tena mtu anayeijua kazi hii hana haja ya kufungua ndipo ajue kama toi ni orijino. Karibu kila anachohitaji kukisoma kiko nje.

Basi tuisome kadi. Kwa maelezo yako, huyo ni Superman wa Kenner, kampuni ya Marekani iliyotoa mfululizo ulioitwa Super Powers Collection kati ya 1984 na 1986. Urefu wake ni sentimita 12 hivi, joho lake jekundu ni la kitambaa, na ndani ya kifurushi huwa na kijitabu cha komiki. Waliofunguliwa, ukiwabana miguu mikono hurusha ngumi. Geuza kadi uangalie picha za wahusika wengine nyuma. Kadi za mwaka wa kwanza zina wahusika 12. Za baadaye zina zaidi, kwa sababu kila mwaka waliongezwa wapya. Wahesabu, uandike. Kisha soma yale maandishi madogo ya chini kabisa, utafute jina Kenner, jina DC Comics, yaani wachapishaji wa hadithi za Superman, na mwaka. Mwaka huo usiuchukue kuwa ndio mwaka wa kutoka kiwandani. Ni mwaka wa hakimiliki ya mchoro au ya umbo, na toi yenyewe huweza kutengenezwa baadaye kabisa mwaka ule ule ukiwa umeandikwa.

Nalisisitizia jina la kampuni kwa sababu mwaka 2022 McFarlane Toys iliufufua mfululizo huu, na kadi zake zinafanana sana na zile za zamani. Hizo mpya ni toi za bei ya kawaida ya dukani. Ya kwenu imetoka kwenye kasha ambalo hakuna aliyeligusa ila baba, kwa hivyo wewe huna shaka, lakini mnunuzi ana haki ya kuuliza, na jibu liwe tayari. Isitoshe, toi hizi zilitengenezwa kwa leseni katika nchi nyingine pia. Za Brazil zilitoka kwa Estrela, na kadi yake ni ya Kireno. Baharia hununua pale meli ilipotia nanga, na kwa sababu hiyo stika ile ya bei usiiguse kabisa. Wengi huibandua wakidhani wanasafisha, wakaondoka na karatasi ya kadi pamoja na ushahidi wa bandari iliponunuliwa.

Ushahidi mwingine mnao, na yule kijana hakuuona. Kitabu cha ubaharia kina mihuri, majina ya meli na tarehe za kupanda na kushuka. Piga picha kurasa za kuanzia 1984 na kuendelea. Toi yenye hadithi inayothibitika huuzika kwa urahisi kuliko ile ya "nimeikuta sokoni". Picha zinatosha. Kitabu chenyewe kisiuzwe wala kisiazimwe kwa mtu, maana kwangu mimi hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote mlivyokuta humo.

Sasa hali ya toi, na hapa ndipo bei inapopandia au kuangukia. Ipeleke dirishani asubuhi, penye mwangaza lakini si juani. Mikono iwe mikavu, na uishike kwa kingo. Anza juu, kwenye tundu la kutundikia. Kadi nyingi za wakati ule zilikuja na kipande cha karatasi kilichokatwa nusu, na mwenye duka hukisukuma kikatoka ndipo atundike. Kipande kikiwa bado kipo, wakusanyaji huongeza pesa. Nenda kwenye pembe. Ile iliyokunjika, je, imejikunja tu, au karatasi imevunjika mpaka weupe wa ndani ukaonekana? Weupe ukionekana bei hushuka zaidi. Kisha iinamishe kadi ili mwanga uipite kwa ubavu. Utaona mistari ya mikunjo ambayo ukiitazama usoni huioni. Pitisha jicho kwenye plastiki kuzunguka pande zote: imebonyea, ina ufa, imeachia mahali? Mwisho mtazame Superman mwenyewe kupitia plastiki. Rangi hupotea kwanza sehemu zilizotokeza, yaani ncha ya pua, kishungi cha nywele kwenye paji, vifundo vya ngumi. Angalia herufi ya S kifuani kama imekaa sawa, na uangalie mahali joho linapogusa bega. Kitambaa chekundu kikikaa juu ya plastiki kwa miaka mingi katika joto kinaweza kuhamisha rangi, na doa la namna hiyo halitoki.

Hayo madoa ya kahawia uliyoyaona nyuma ya kadi ni ya unyevu. Hapa Mombasa toi hizi huharibiwa na hewa kuliko mikono ya watoto. Wakati wa masika karatasi hunywa unyevu ikaota kuvu. Joto la kaskazi pamoja na mwanga huigeuza plastiki kuwa ya manjano. Plastiki laini huwa imechanganywa na vilainishi, na baada ya miaka vilainishi hivyo hutoka nje taratibu, ukaigusa ikanata vidoleni. Chumvi ya baharini huingia kwenye kila pini ya chuma ikaacha kutu. Na mende hupenda karatasi na gundi. Mtu wa Marekani anayeuza toi ya umri huo huo ameihifadhi katika nyumba kavu, na ukilinganisha bei yake na yako bila kuhesabu tofauti hiyo utajidanganya.

Wala usijaribu kuyatibu. Jiki, ndimu, sabuni, kuanika juani, hata ile dawa ya peroksidi ambayo wengine huipaka ili kuondoa manjano, vyote hivyo viache. Mkusanyaji humsamehe baba kwa madoa ya wakati; hamsamehi binti kwa kadi iliyosuguliwa. Unachoweza kufanya ni kuzuia yasienee. Toeni toi kwenye kasha la bati, maana bati hutoa jasho hewa inapobadilika. Tafuta boksi la plastiki ngumu lenye mfuniko, tia vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, na uvibadilishe mara kwa mara. Boksi likae kabatini katikati ya nyumba, si kwenye ukuta unaopigwa na mvua, wala si darini chini ya mabati. Usifunge kwa gazeti, karatasi yake ina asidi na wino wake hushika.

Tuje kwenye bei. Mdogo wako hakudanganya aliposema ameona dola 4,000, lakini aliona bei ya mtu anayetamani kuuza. Bei ya kutaja si bei ya kulipwa, kama mahari. Pale eBay, mtandao wa kuuzia na kununulia vitu, kuna kichujio kinachoonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa na pesa iliyotoka kweli. Kiwashe, utafute Superman wa Kenner wa mfululizo huo aliye kwenye kadi, halafu ulinganishe hali kwa hali: mwenye manjano kwa mwenye manjano, pembe iliyokunjika kwa pembe iliyokunjika. Chukua mauzo kadhaa ya karibuni, acha la juu kabisa na la chini kabisa, na yale yanayobaki katikati ndiyo soko.

Utakachokiona kitamvunja moyo kidogo. Superman ndiye shujaa anayejulikana kuliko wote, tangu 1938, na kwa sababu hiyo Kenner walimtengeneza kwa wingi. Katika mfululizo huu wanaosakwa kwa bei kali ni wale wa mwaka wa mwisho, 1986, kama Cyborg, ambaye pengine hakuna mtu hapo Kuze anayemjua. Walitoka wakati mfululizo ukiwa unaelekea kufa, wakafika madukani wachache, na uchache huo ndio unaolipiwa leo. Superman aliyefunguliwa, hata akiwa na joho lake na kijitabu, kwa kawaida ni wa makumi ya dola. Aliye kwenye kadi safi huingia kwenye mamia. Wa kwenu, mwenye manjano, madoa na pembe iliyokunjika, mimi ningemweka karibu na dola 100 hadi 150, na ningefurahi akipita hapo. Kwa dola moja ya shilingi 130 hivi, hiyo ni kama 13,000 hadi 19,500.

Na hiyo ni pesa ya huko, kabla ya makato. Mtandao wa kuuzia unakata chake, na kadi isiyotakiwa kupinda inahitaji boksi gumu na usafiri wenye bima. Ukitoa hayo, kinachobaki mkononi Mombasa ni pungufu. Kwa hivyo, mwanangu, ukweli uko karibu zaidi na yule kijana wa Nyali kuliko na ile dola 4,000. Nasema hivi bila kumtetea. Bei yake ni ya chini, na kumharakisha mfiwa mpaka Ijumaa si uungwana, lakini si wizi kama mnavyodhani. Mfanyabiashara lazima anunue chini ya bei atakayouzia.

Mtaambiwa pia mpeleke Superman Marekani akapewe daraja. Ipo kampuni ya kazi hiyo, AFA, inayoipa toi alama katika kipimo kinachofika 100, ikitazama kadi, plastiki na sanamu kila kimoja kwa upande wake, kisha ikaifungia toi ndani ya sanduku gumu la akriliki. Kwa kitu adimu au kisafi kabisa gharama hiyo inarudi. Kwa kadi yenye madoa ya unyevu hairudi. Msifanye.

Spider-Man amenifurahisha. Herufi hizo ni namba za Kirumi, MCMLXXIV, yaani 1974, na kama nilivyosema kwenye kadi, ni mwaka wa haki ya umbo la mwili, si lazima uwe mwaka aliotengenezwa. Mego ya Marekani ilianza kutoa mashujaa hawa wa nguo za kitambaa 1972, wenye urefu wa sentimita 20 hivi, na ilipofika mapema miaka ya 1980 ikafilisika. Jina hilo lilirudi madukani 2018, lakini mwili wenye alama hiyo na uchakavu unaoueleza ni wa zamani. Miguu inaning'inia kwa sababu viungo vyake vimeunganishwa kwa mpira ndani, na mpira huchoka. Fundi mwenye subira anaweza kuubadilisha, ila akibadilisha, mnunuzi aambiwe. Kabla ya yote angalia kama nguo ni zake. Nguo za kuigiza za Mego zinauzwa kwa wingi, na kwa kawaida hujulikana kwa kitambaa kipya kinachong'aa na nyuzi zisizochakaa juu ya mwili uliochakaa. Usizifue. Na ulipomvua kuangalia mgongo natumaini hukuvuta kwa nguvu. Mara nyingine ukitaka kumwonyesha mtu, mwonyeshe picha uliyopiga. Katika hali hiyo ni wa makumi machache ya dola, kwa sababu Spider-Man naye alitengenezwa kwa wingi.

Batman hana thamani ya soko. Toi ya leseni huwa na alama ya mwenye haki mahali fulani, mgongoni, mguuni au chini ya wayo. Mwepesi, asiye na alama, ni mmoja wa wale feki waliojaa kila bandari. Huyo ndiye wa watoto, na mama atakuwa amepata sehemu ya alilolitaka. Ila apewe mtoto aliyekwisha acha kutia vitu kinywani, maana rangi za toi za bei rahisi za miaka hiyo huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Sasa nyumba yenu, ambayo ndiyo iliyokufanya uandike. Mimi si kadhi. Lakini kuna swali linalotakiwa kuulizwa kabla ya swali la bei: baba alimpa kaka, au alimwahidi? Zawadi iliyokamilika na ahadi isiyotimizwa hazina hukumu moja, na mtoto mdogo anayepewa na baba yake ana mlango wake katika fikihi. Nendeni wote watatu kwa sheikh mnayemwamini, kaka aeleze maneno ya baba kama alivyoyasikia, na mkubali atakachosema. Mkishindwa kukubaliana, Mahakama ya Kadhi iko kwa ajili ya mirathi, ingawa sitamani mfike huko kwa toi.

Ikionekana ni zawadi, yamekwisha. Ikionekana ni mirathi, ithaminiwe, kaka amchukue kwa bei hiyo na ikatwe kwenye fungu lake. Tuseme mmekubaliana Superman ni shilingi 15,000, na warithi ni mama na nyinyi watatu tu. Mama ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, 1,875. Zinabaki 13,125, na kwa kuwa mwanamume hupata mafungu mawili ya mwanamke, kila kaka apate 5,250 na wewe 2,625. Mdogo wako aonyeshwe hesabu hii. Alikuwa akigombania nusu milioni. Kumbe anamnyima kaka yake kumbukumbu ya baba kwa 5,250, na kaka hata kwa awamu anaweza kumlipa. Mimi msimamo wangu uko wazi: Superman asiuzwe nje. Hakuna mnunuzi wa Nyali wala wa Marekani atakayelipa kwa kadi hii yenye madoa kiasi kinachofikia lile chozi ulilolieleza. Spider-Man auzwe mkipenda, pesa mgawane.

Mama usibishane naye. Ana hoja anayoiamini na nyumba ni yake. Mwambie kwa heshima kwamba toi haitasimamishwa sebuleni wala kupangwa rafuni. Itafungwa ndani ya boksi na kwenda kwa kaka mara tu jambo likiamuliwa. Kwa bahati, giza na mfuniko ndivyo vinavyoihifadhi vizuri zaidi. Suala la sanamu zenyewe mulizeni sheikh yule yule siku hiyo hiyo.

Yule kijana mjibu kwa ujumbe mfupi wenye adabu: Superman hauzwi, Batman amepewa watoto, Spider-Man yuko na mnasikiliza bei yake, na picha utamtumia. Akija na bei mnayoiafiki, mkutane mahali penye watu, na usimkabidhi mpaka uone salio limepanda kwenye M-Pesa yako mwenyewe. Ujumbe wa simu usiutegemee, siku hizi hutungwa.

Na kabla hamjakaa kupanga bei ya Superman, nitumie picha ya ile stika pamoja na maandishi ya chini ya kadi. Nikiona fedha ni ya nchi gani na lugha ya kadi ni ipi, nitajua kama ni toleo la Marekani au la kwingine. Likiwa la kwingine, hesabu niliyokupa ya dola 100 hadi 150 itabidi tuifanye upya.